Sweta Niliyoipika kwenye Karai

Ipo asubuhi moja ya mwezi wa sita ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile ya sabini yameshanitoka, hata majina ya watu niliocheza nao. Asubuhi hiyo nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba yangu mpya pale Kibaoni. Nilikuwa nimewasha kuni na kuteleka karai la maji, na ndani ya karai hilo kulikuwa na sweta ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Mtoto alikuwa wangu. Sweta haikuwa yangu. Aliifuma mke wangu, Leokadia, kwa miezi mitatu, na saa ile yeye alikuwa shambani, hajui ninachokifanya.

Nianze mbali kidogo ili unielewe.

Naitwa Fulgensi, na ujanani nilikuwa fundi baiskeli. Si fundi wa kubabaisha. Baiskeli ilikuja kwangu inakokotwa, ikaondoka inapandwa. Wapimbwe wenye mpunga wao, Wafipa walioshuka na maharage, Wasukuma waliokuwa wameanza kuingia na ng'ombe, wote walilijua benchi langu pale sokoni. Lakini ufundi una ugonjwa wake, mwanangu. Ukisifiwa kwa jambo moja unaanza kujiona unayajua yote. Mimi nilijua matundu. Kutwa kazi yangu ilikuwa kutafuta tundu kwenye mpira, kulipiga kiraka, na kulisahau. Kwangu tundu lilikuwa adui, liwe wapi, liwe la nini.

Wakati huo tulikuwa tumehamia kijiji kipya, kila familia ikitoka kwenye shamba lake la zamani. Nyumba zilisimama miti tu, nyingi hazijakandikwa udongo. Watu wa mbali wakisikia bonde letu wanadhani ni joto mwaka mzima. Waje mwezi wa sita na wa saba! Upepo unashuka kutoka milima ya Ufipa, unapita kwenye miti ya ukuta kama mwenye nyumba, na alfajiri unaamka meno yanagongana. Leokadia aliliona hilo mapema. Alipojijua ana mimba, akahesabu miezi kwa vidole, akasema, "Huyu atakuja kiangazi, baridi itakuwa bado haijaisha. Nitamfumia."

Alijifunza kufuma kwenye darasa la akina mama la misheni. Uzi aliupata kwa kufumua sweta kuukuu ya baba yake, rangi ya majivu, akaufua, akaukausha, akauzungusha ukawa donge kubwa kama boga. Sindano nilimtengenezea mimi. Nilikata spoki mbili za baiskeli, nikazinyoosha, nikazichonga ncha kwa tupa, na upande wa pili nikachomeka kipande cha kandambili ili uzi usiteleze ukatoka. Nusu ya wanawake wa pale walifumia spoki zangu. Nilizitengeneza huku nacheka, maana niliona ni mchezo wa wanawake. Asiyejua maana haambiwi maana.

Sweta ilipokaribia kuisha, Leokadia alinionyesha. Niliishika kwa mikono miwili, nikaielekeza juani. Nikaliona jua lote.

"Hii si nguo," nikamwambia. "Huu ni wavu wa dagaa. Upepo utapita hapa kama unakwenda sokoni."

"Baba Agata, acha," akasema. Alikuwa ameshaamua jina, na ameshaamua kuwa ni msichana. "Mimi ndiye ninayeifuma."

"Ungebana. Uzi unao, kwa nini huubani?"

"Haibanwi. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo" ni jibu ambalo fundi halipendi. Nilinyamaza, lakini sikuliacha. Na tazama ujinga ulivyo na kiburi: siku hiyo hiyo nilipokuwa namcheka mke wangu, nilikuwa nimevaa sweta yangu mwenyewe, nyekundu iliyoiva, niliyoinunua Sumbawanga. Niliipenda kuliko pampu yangu. Nilivaa ya kufumwa, nikasema ya kufumwa haina joto! Yangu niliiona nzuri kwa sababu imetoka dukani, vitanzi vyake vidogo, sikuwahi kuitazama juani.

Sasa, nilikuwa nimewahi kuona blanketi la sufu lililoanguka kwenye maji ya moto kwa bahati mbaya. Lilisinyaa likawa zito, halina hata tundu. Hilo lilinikaa kichwani. Nikajisemea, kama blanketi lilijiziba, sweta nayo itajiziba. Sikumwuliza Leokadia. Sikumwuliza mtu. Nilitaka arudi shambani akute nimemtengenezea, anishangae.

Ndiyo asubuhi hiyo ya karai. Maji yakachemka. Nikatia kipande cha sabuni, nikaigeuza sweta kwa mti kama mtu anayesonga ugali, nikaitoa, nikaiweka juu ya jiwe, nikaipiga kama ninavyopiga ovaroli yenye grisi. Nikairudisha kwenye moto. Nikapiga tena. Na kweli, matundu yalianza kujiziba! Nikaendelea, mwanangu, maana mjinga akiona mafanikio haachi.

Nilipoianika nilianza kuona shida. Kila jua lilivyopanda, ndivyo ilivyorudi ndani. Kufikia adhuhuri ilikuwa sawa na kiganja changu. Mikono yake ilikuwa imekakamaa, kidole changu cha gumba hakipiti. Nikaivuta huku, nikaivuta kule, haikuvutika. Ilikuwa gamba.

Unadhani nilifanya nini? Niliificha. Niliisokomeza ndani ya debe la spana zangu, nikaifunika na tambara. Nikajiambia kuna miezi miwili bado, nitatafuta uzi mwingine, nitampa mtu afume nyingine inayofanana. Leokadia alipouliza, nilimwambia labda ameiweka vibaya. Uongo wangu wa kwanza kwake, na nilimdanganya juu ya nguo ya mtoto wetu.

Miezi miwili sikupewa. Baada ya siku tano, jua likichomoza, Leokadia alishikwa na uchungu. Mkunga jirani alikuja mbio, na kabla watu hawajamaliza kunywa uji, Agata alikuwa ameshatoka. Alikuwa mdogo, mwanangu. Sijui nikufananishie na nini. Masikio yake yalikuwa laini yamejikunja kama jani changa, na sauti yake ilikuwa ya paka aliyefungiwa mbali. Mkunga alimkausha, akasema bila kunitazama, "Huyu hajatimiza miezi. Kama atashika joto, atanyonya. Asiposhika joto, hatanyonya. Leteni nguo yake ya sufu."

Leokadia akageuza macho kunitafuta. Na mimi nikaenda kwenye debe la spana, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Nikarudi nayo kiganjani. Hakulia. Hakunitukana. Aliitazama, akafumba macho, akageukia ukutani. Mpaka leo, kama ningechagua, ningechagua kupigwa.

Nikataka kuokoa hali haraka. Nilikuwa na kitambaa cha kaki kipya, kizito, kisichopitisha hata mwanga, nilichokiweka nishone suruali. Nikamfunga nacho mtoto, nikambana vizuri kama mzigo wa baiskeli. Nikaona kazi nzuri. Baada ya muda mkunga aligusa nyayo zake. Akasema, "Mawe ya kisimani." Akaongeza kaniki juu. Nyayo zikabaki vile vile, na mtoto akaacha kulia. Aliyewahi kulea anajua, mtoto wa namna ile akiacha kulia ndipo unapopaswa kuogopa.

Mama mkwe wangu alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa akiishi kijiji cha pili, mtu alikuwa ametumwa kwa baiskeli kumwita. Alikuwa Mkonongo wa upande wa Ugalla, mjane wa mrina asali, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Na lazima nikueleze: kwa desturi yetu ya wakati ule, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Kwa miaka miwili ya ndoa nilikuwa sijawahi kuzungumza naye maneno kumi. Kwa hiyo nilimsikia akiingia, nami nikatoka kwa mlango wa uani, nikasimama nje ya ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa miti mitupu, tulionana vipande vipande, lakini adabu ilikuwa imetimia.

Nilimwona anavyofanya. Hakupoteza muda. Alifungua kaki yangu, akaitupa pembeni. Akamvua mtoto kila kitu, akamlaza mtupu kifuani kwa Leokadia, ngozi kwa ngozi, katikati ya maziwa yake. Akatoa mtandio wake mwenyewe wa sufu, uliofumwa kwa vitanzi vikubwa, akaufunika juu ya mgongo wa mtoto. Juu ya mtandio akafunika khanga, akaichomeka pande zote. Kichwani akamkunjia pembe ya mtandio. Kisha akakaa, mkono wake ukiwa chini ya khanga, akangoja mpaka mtoto alipotoa tena ile sauti ya paka.

Baadaye akaiona ile sweta kando ya kitanda. Akaiokota. Akaigonga kwa ukucha.

"Nani ameipika hii?" akauliza.

Leokadia angeweza kunitaja, hakunitaja. Nikamjibu kupitia ukuta. "Ni mimi, mama."

"Ulikuwa na njaa?"

Mkunga akacheka, akajizuia. Mimi nikawa natafuta pa kuweka mikono.

"Shikamoo, mama. Nilitaka kuziba matundu," nikasema. "Niliona upepo utapita."

Aliiweka chini ile sweta. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alitoka nje, akaja akasimama mbele yangu, akanitazama usoni.

"Marahaba. Adabu itatungoja leo, baba," akasema. "Mungu anajua kwa nini. Una chupa mbili za soda?"

Nilikuwa nazo, za kuwekea mafuta ya taa. Akaniambia nizioshe, nichemshe maji, nizijaze zote mbili sawasawa, nizizibe. Moja akaniambia niifunge kwa kaki yangu, niibane nitakavyo. Nikaibana kifundi. Nyingine akaizungushia kipande cha sweta kuukuu alichokuja nacho kapuni, kilichochakaa kisifae tena kufumuliwa, akaiacha imelegea, akafunika khanga juu. Tukaziweka zote mbili kivulini, upepo ukipita. Akarudi ndani kumwangalia mjukuu wake, akaniacha na chupa zangu kama mlinzi.

Alitoka wakati dona limeshaiva kwa jirani. "Fungua. Shika."

Ya kaki ilikuwa imepoa, vuguvugu kwa mbali. Ya sweta ilinichoma kiganja.

"Kaki ni nzito kuliko sufu hii," akasema. "Na haina tundu. Haya niambie, fundi. Joto limekwenda wapi?"

Akanieleza taratibu, na maneno yake nimeyatunza.

"Nguo haina joto, baba. Ulishawahi kuona nguo imetundikwa ukutani ina joto? Joto linalo mwili. Nguo ni mlinzi, inalizuia lisitoroke. Kaki uliibana, imegusana na mwili kila mahali, joto limepita ndani yake moja kwa moja likachukuliwa na upepo. Lakini hivi vitanzi, kila kimoja kimeshika hewa kidogo. Hewa inayokimbia inaiba joto. Hewa iliyotulia inalitunza. Haya matundu uliyoyachukia ndiyo vyumba vyenyewe. Wewe umebomoa vyumba."

Nikauliza, maana ubishi haufi siku moja, "Lakini mama, upepo si utapita?"

"Utapita," akasema, na nilishangaa kusikia nilikuwa na chembe ya ukweli. Aliondoa khanga kwenye ile chupa, akaiacha na sufu tupu katikati ya upepo. Tulisimama tukingoja. Nilipoishika tena, ilikuwa imeanza kupoa upesi. "Ndiyo maana ya khanga. Sufu inashika hewa, khanga inazuia upepo usije kuifukuza. Kila kimoja na kazi yake. Ulikuwa sahihi kuuogopa upepo. Ulikosea dawa."

Halafu akanionyesha kuku wake Leokadia, aliyekuwa amejikunyata kwenye kona ya jiko, amejitutumua mwili mzima kama mpira. "Asubuhi za baridi anajifanya hivyo. Ameongeza manyoya? Manyoya ni yale yale ya jana. Ameongeza hewa katikati yake. Na wewe ambaye kutwa unafunga upepo ndani ya mipira, hujui kwamba upepo uliofungwa unafanya kazi!"

Nikakubali. Nilikuwa sijawahi kufundishwa na mwanamke jambo la ufundi, na nilijua mara moja kuwa hili ni ufundi. Usione vyaelea, vimeundwa.

"Sasa," akasema, "mtandio wangu ni mkubwa, unamlemea. Anahitaji sweta, kofia na soksi, na anazihitaji haraka. Uzi uko wapi?"

"Hakuna, mama. Madukani hakuna uzi."

Akanitazama kuanzia shingoni hadi kiunoni. Nilikuwa nimevaa ile nyekundu ya Sumbawanga.

Niliivua, mwanangu. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Yeye mwenyewe alikata mshono wa ubavuni kwa kisu, akatafuta mwanzo wa uzi shingoni, akanipa ncha. "Vuta." Nikavuta. Mstari baada ya mstari, sweta yangu ikanifumuka mikononi, nami nimebaki na shati, upepo wa Ufipa ukinipiga mbavuni. Hapo ndipo nilipojua ilikuwa na matundu, na ndiyo yaliyokuwa yakinipa joto siku zote. Uzi tuliuloweka kwa maji baridi, tukaukausha juani, mikunjo ikalegea. Nikachonga sindano nyembamba zaidi kwa spoki mpya.

Mama mkwe alianza sweta. Leokadia hakuweza, mikono yake ilikuwa imemshika mtoto mchana kutwa, na hata kunyonyesha kulikuwa kwa kumkamulia kwenye kijiko. Mkunga alikuwa na wazazi wengine. Mama akanipa sindano mbili na donge la uzi. "Kofia utafuma wewe."

"Mimi, mama?"

"Uliyeweza kupika sweta utashindwa kufuma kofia?"

Kwa hiyo nilikwenda sokoni, nikakaa kwenye benchi langu la ufundi, nikafuma. Masanja, kijana wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe wa baba yake, rafiki yangu wa kweli, alileta baiskeli yenye pancha akanikuta. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Fulgensi! Umekuwa mama?"

"Nimekuwa baba," nikamjibu. "Ngoja nimalize mstari huu."

Kofia ya kwanza niliyoifuma ilisimama wima kama kifuu cha nazi. Mkono wa fundi umezoea kukaza nati, nami nilikaza kila kitanzi. Nilimpelekea mama nikidhani nimefanya vizuri. Aliipitishia kidole, akaifumua yote mbele yangu. "Legeza mkono. Unamfumia mtoto, hufungi tairi." Ya pili nayo ikafumuliwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ya tatu ilikuwa imepinda upande mmoja, lakini ilivutika, ililainika, na mama aliirudisha bila kusema neno. Kwake yeye kunyamaza kulikuwa sifa.

Siku ya tatu tulimpeleka Agata zahanati, amefungwa kifuani kwa mama yake, sweta nyekundu, kofia nyekundu, khanga juu. Muuguzi alimpima, akasema amepungua kidogo lakini yu hai na ana nguvu ya kunyonya, tusiache kumweka kifuani, tusimwogeshe kwa maji baridi, turudi kila wiki. Tukarudi kila wiki. Kulikuwa na siku mbili mbaya katikati, sitaki kuzieleza. Lakini joto halikumtoka.

Kati ya siku hizo, Leokadia alikuwa akinijibu kwa maneno machache. Chumvi ipo. Maji yapo. Nami niliona aibu kuanza. Asubuhi moja nilikuwa nakandika udongo ukuta wa chumba chao, nikiziba nafasi kati ya mti na mti, akasema kutoka ndani, "Huko ndiko kwenye matundu ya kuziba."

Nikaacha kazi. Nikaingia, nikakaa chini karibu na kitanda.

"Nisamehe," nikasema.

"Sweta nimeshaisahau," akasema. "Ungeniuliza tu, Fulgensi. Miezi mitatu nimekaa nayo. Kila kitanzi nakijua. Ukaja ukaitengeneza nyuma ya mgongo wangu, halafu ukaniambia nimeipoteza. Hilo ndilo lililonitia baridi."

Sikujitetea. Nilimwambia ndiyo, nilidanganya, na sitarudia. Akanitazama muda mrefu kuona kama nasema kwa mdomo au kwa moyo. Kisha akafunua khanga kidogo. "Mshike nyayo."

Niliingiza mkono. Nyayo mbili ndogo, kila moja urefu wa kidole changu cha gumba. Zilikuwa na joto. Si la kudhani, la kweli, kama mkate. Nililia pale, mwanaume mzima mwenye grisi kwenye kucha, na mke wangu akaniacha nilie.

Agata alikua. Alichelewa kutembea, alichelewa kuota meno, hakuchelewa kusema. Leo ana wajukuu wake kule Ilembo, na ni mwanamke wa kilo nyingi anayefungua mlango kwa kishindo. Mama mkwe alirudi kwake mtoto alipotimiza miezi mitatu. Adabu ikarudi mahali pake, akawa ananisalimu kwa mbali, nami nainamisha kichwa. Lakini kila kiangazi nilimpelekea sindano mpya za spoki, na hadi anafariki hakukosa. Masanja naye, mwaka uliofuata mkewe alipokaribia kujifungua, alikuja kwenye benchi akazungukazunguka, akaangalia huku na kule, akaninong'oneza, "Ile kofia... unaanzaje?" Nikamsogezea kigoda.

Sasa mwanangu, sikiliza niliyokuitia.

La kwanza ni la mwili, usilidharau. Nyie vijana wa siku hizi mnanunua koti kwa uzito na kwa kung'aa. Joto ni lako mwenyewe, nguo inakutunzia tu. Vaa kinachoshika hewa karibu na mwili, kisikubane, na juu yake vaa kinachozuia upepo. Nguo mbili nyepesi zilizolegea zinashinda moja nzito iliyokubana. Ya sufu ifue kwa maji baridi, uikamue taratibu, uianike imelala, usiipige. Ikilowa, ibadilishe, maana maji yakikaa kwenye vile vyumba hewa haina pa kukaa. Na ukijaliwa mtoto aliyekuja kabla ya wakati, kifua cha mama yake ndicho nguo ya kwanza, au chako wewe baba kama mama hawezi. Mfunike kichwa. Kisha nenda zahanati, usijifanye mganga.

La pili ni la akili. Ukikuta tundu kwenye kazi ya mtu, kabla hujaliziba uliza liliwekwa pale kwa nini. Mengine ni ubovu, kweli, kama yale ya ukuta wangu. Mengine ndiyo kazi yenyewe. Utayatofautishaje? Kwa kumwuliza aliyeifanya. Kuuliza si ujinga. Mimi nililipa sweta mbili na machozi ya mke wangu kwa kutouliza neno moja.

Na la tatu ni la nyumba. Ndoa nayo imefumwa, usiikaze kila kitanzi. Mwenzako awe na nafasi ya kujua lake, kuamua lake, hata kukosea lake. Ukimbana kila mahali mtagusana, lakini hamtapashana joto. Ila usiache mlango wazi kwa uongo, huo ndio upepo. Ukikosea, toa kosa lako kwenye debe siku ile ile, ulionyeshe. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na akija anakaa.

Nimemaliza. Mwenyezi Mungu aliyetufunika sote kabla hatujajua kuvaa akufunike na wewe. Akupe mikono yenye nguvu ya kukaza panapokazwa, na upole wa kulegeza panapolegezwa. Akupe mkwe wa kukuambia kweli usoni. Na kila kiumbe kitakachozaliwa nyumbani mwako, kiwe kimetimiza au hakijatimiza, kikute kifua cha kukipokea, na nyayo zake zisijue ubaridi. Nenda salama, mwanangu.